Bibi yangu hayumo katika shajara ya ukoo

Mwanangu Mshauri,

Assalaam alaykum. Nina umri wa miaka 87. Kwa kuwa chuoni nilifundishwa kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, msichana wa jirani yangu, ambaye ni mwalimu wa skuli, ndiye aliyeninakilia barua hii. Nimemwapisha, naye ni mtu wa siri.

Nilizaliwa Pemba na sijapata kuihama. Nilijaaliwa watoto saba, na walio hai ni watano. Wajukuu ni 34, vitukuu nimewahesabu mpaka 61, na mwaka huu nimepakatishwa kilembwe wa tatu. Karibu nusu yao nawajua kwa picha za simu. Wanangu wawili walikwenda Maskati katika miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipokwisha kushika utawala na Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman wakafunguliwa mlango, na watoto waliozaliwa huko wamekuwa watu wa huko. Binti yangu mmoja yuko Dar es Salaam, na watoto wake wamevuka mpaka Kanada. Idi ikifika simu huanza kulia alfajiri, nami huwaombea dua watu ambao majina yao inanibidi nimuulize mwanangu mara mbili.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu mmoja wa Maskati anatengeneza shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba. Kazi hiyo ameifanya kwa bidii miaka miwili, na anataka ichapwe na kutiwa katika fremu ili kila nyumba ipewe yake siku ya harusi ya binti wa kaka yake, baada ya miezi mitatu. Mwezi uliopita alinitumia picha ya rasimu na kuniomba nirekodi sauti yangu, mimi mkubwa kuliko wote waliobaki, niseme kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli.

Marehemu mume wangu alikuwa mtoto wa ami yangu, kwa hiyo upande wake na wangu hukutana kwa babu mmoja, aliyekuwa na mashamba ya karafuu. Pembeni ya jina la babu, mjukuu wangu ameandika jina la mke mmoja, yaani bibi mkubwa, na kutoka kwake akachora mistari miwili kwa wana wawili, mmoja baba wa mume wangu na wa pili baba yangu. Mstari wa kwanza ni sahihi, wa pili si sahihi. Mama wa baba yangu alikuwa suria wa babu, yaani kijakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake.

Huyo ndiye bibi yangu, na ndiye aliyenilea. Alivushwa usiku kwa jahazi akiwa mtoto ambaye hajavunja ungo, wakati biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku baharini lakini Pemba wakiendelea kushushwa watu kwa siri. Babu akampa jina la kiungo cha jikoni, na ndilo watu wote walilomjua nalo. Juu ya mdomo wake palikuwa na alama ya tundu lililoziba. Nilipokuwa mdogo aliniacha nitie kidole hapo nikicheza, lakini wageni walipobisha hodi alivuta pembe ya kanga na kufunika mdomo, na hivyo ndivyo alivyozungumza na watu mpaka alipokufa. Tulipokuwa tukipima karafuu kwa pishi alihesabu kwa lugha yake. Tatu za mwanzo zilifanana na zetu, kisha zikafuata mcheche na msano. Mimi nikidhani ni mchezo.

Alifariki mwaka 1954. Mwaka mmoja kabla yake, tukiwa jamvini tunachambua karafuu na makonyo, aliniambia jina aliloitwa na mama yake, akaniamuru nilitamke mara tatu mpaka lilipokaa sawa mdomoni. Hakusema neno jingine, akaendelea na kazi. Baada ya mazishi baba yangu aliniita akaniambia, "Mambo ya mama yangu yamezikwa naye." Nimemtii zaidi ya miaka 70.

Nilidhani nitamtii mpaka mwisho. Lakini mwaka juzi vitukuu wa Kanada walikuja, wakapelekwa Unguja kutembea, na huko wakaonyeshwa Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Waliporudi walinisimulia kwa huruma habari za sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo. Mmoja, wa miaka tisa, akaniuliza, "Bibi, wewe uliwahi kumwona mtu kama huyo?" Nikamwambia ale embe yake.

Binti yangu wa Dar es Salaam nilimdokeza kidogo. Aliniambia, "Mama, usifukue yaliyofukiwa. Unataka kumvunjia mtoto wa watu harusi?" Maana upande wa bwana harusi ni watu wanaoangalia sana kufu, yaani kulingana kwa nasaba.

Mjukuu anasubiri sauti yangu. Nikisema ndiyo, nimeshuhudia uongo na mimi niko mlangoni mwa kaburi. Nikisema siyo, sijui nitakuwa nimevunja nini. Nikinyamaza, nitaacha nyuma watu 103 na hakuna hata mmoja wao anayelijua jina lile. Pengine pia ni ubishi wa uzee tu, wa mtu anayetaka asikilizwe kabla hajaondoka. Niambie unavyoona.

Bibi wa Pemba

*

Shikamoo Bibi, wa alaykumu salaam.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia siku ya pili, kwa sababu niliona si vyema kumjibu kwa haraka mtu aliyekaa na jambo kwa miaka 70. Umesema nikuambie ninavyoona. Nitakuambia, lakini uamuzi utabaki mikononi mwako, maana wewe ndiye uliyeketi jamvini siku ile, na mimi sikuwepo.

Kwanza nieleze nilivyokufahamu. Mjukuu anakuomba ushahidi juu ya shajara ambayo wewe unajua kwamba mahali pamoja ina kosa, na kosa hilo limemwondoa katika ukoo mwanamke aliyekulea. Kusahihisha kunagusa amri ya baba yako, harusi ya kitukuu na amani ya nyumba nyingi. Kutosahihisha kunakugusa wewe na kunamgusa yeye. Nikikusoma vizuri, mambo haya yamefungwa katika fundo moja ingawa ni matatu: ushahidi unaoombwa, siri uliyoamriwa kuitunza, na jina ulilopewa. Nadhani yanaweza kufunguliwa moja moja, na pengine hayahitaji jibu la aina moja.

Nianze na siri. Huenda unaibeba kama wasia wa bibi yako, lakini barua yako mwenyewe inasimulia vingine. Aliyesema mambo yamezikwa ni baba yako, na alilisema baada ya mama yake kufumba macho. Bibi yako hakukuambia ufiche. Alikufundisha jina, akahakikisha umelishika. Kanga aliivuta kwa ajili ya wageni, ila kwako aliuacha mdomo wazi na kidole chako kikaingia katika alama yake. Simlaumu baba yako hata kidogo. Mtoto wa suria aliyekua katika nyumba moja na mtoto wa bibi mkubwa, katika Pemba ya miaka ile, huenda alikuwa na sababu za kunyamaza ambazo wewe na mimi hatukulazimika kuzibeba. Ninachouliza ni kama sababu zile bado zipo, au umebaki nazo kwa kuwa hakuna aliyekuambia kwamba muda wake umekwisha.

Jambo la pili ni neno ambalo hukuliandika lakini nimelisikia katika barua yote, nalo ni aibu. Kisheria na kidini, unajua kuliko mimi kwamba mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mwana kamili, huchukua nasaba ya baba na humrithi sawa na ndugu zake, na kwamba mama wa mtoto huyo haruhusiwi kuuzwa na huwa huru bwana wake akifa. Kwa hiyo nasaba ya baba yako haitikisiki, wala sioni mirathi ya mtu ikiguswa, ingawa kama kuna shamba lenye ubishi itafaa umuulize kadhi kabla hujatamka lolote. Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipofariki mwaka 1856, wanawe waliokuja kutawala Unguja, Majid na Barghash wakiwamo, walikuwa watoto wa masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba Barghash si Busaidi, yaani si wa ukoo wa masultani. Kila Mwislamu anayekwenda Hija hukimbia baina ya Safa na Marwa akifuata nyayo za Hajar, naye alikuwa kijakazi wa Sara.

Hata hivyo nisikupambie mambo. Wewe na mimi tunajua kwamba suria wa Kihabeshi, au wa Kicherkesi kutoka Kaukasi, aliyekaa jumbani hakuhesabiwa sawa na msichana wa bara aliyeshushwa Pemba usiku. Ilichofunika ile kanga hakikuwa usuria wenyewe, kwa maana usuria nyumba nyingi kubwa zilikuwa nao. Ilifunika alikotoka. Ndiyo maana mjukuu wako hatapata tabu kukubali kwamba babu alikuwa na suria, lakini pengine atapata tabu na ile alama ya juu ya mdomo. Ukizungumza naye, ujue ni lipi kati ya hayo mawili unalomwambia.

Kuhusu alikotoka, naomba nikupe kitu kidogo. Mcheche na msano ni nne na tano katika Kiyao. Wayao wako kusini mwa Tanzania, kama Tunduru na Masasi, na wako Msumbiji na Malawi, na ndonya ya juu ya mdomo, yaani pambo linalotiwa katika tundu la mdomo, ilivaliwa na wanawake wa sehemu nyingi za nchi hizo. Sisemi kwamba bibi yako alikuwa Myao. Misafara mingi iliyoteremka Kilwa iliongozwa na wafanyabiashara wa Kiyao, na mtoto aliyekamatwa kwingine angeweza kujifunza hesabu hizo njiani au kwa wenzake wa shambani. Lakini haukuwa mchezo, Bibi. Alikuwa akihesabu kweli.

Liko na jambo jingine ambalo huenda hukuwahi kuelezwa. Amri ya mwaka 1897, iliyompa mtumwa wa Unguja na Pemba haki ya kwenda mahakamani kudai uhuru wake, iliwaacha masuria nje kwa hoja kwamba wao ni kama wake wa nyumbani, na mlango huo haukufunguliwa kwao mpaka mwaka 1909. Yako madaftari ya walioandikwa huru, na nyaraka za zamani za Zanzibar zimehifadhiwa Kilimani, Unguja, lakini kwa mwanamke wa hali ya bibi yako sitarajii kwamba mjukuu wako angelipata jina lake humo hata angelitafuta miaka kumi. Na hata kama lingekuwemo, lingekuwa lile la kiungo. Nakuambia haya ili usijione mbishi. Swali lako la ubishi wa uzee nimelifikiria, na sidhani kwamba mtu anayetaka kusikilizwa tu angeandika barua ndefu namna hii bila kulitaja jina lenyewe.

Sasa njia. Ushahidi naona ndio wenye haraka, na pengine ndio mwepesi kuliko unavyodhani. Kunyamaza ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine. Unaweza kumwambia mjukuu wako kwamba hutarekodi, au kwamba utasema yale ya upande wa mume wako tu, au kwamba mstari wa baba yako usitolewe kwa bibi mkubwa na mahali pa mama yake pabaki patupu. Nafasi tupu si uongo. Hatari yake ni kwamba mtu aliyechimba nasaba miaka miwili hataiacha nafasi tupu bila kuuliza, na huenda ukajikuta unajibu kwenye simu, watu wakiwa wamekaa sebuleni wanasikiliza, kabla hujajiandaa.

Kwa hiyo yafaa ufikirie kama ungependelea kumwambia yeye mwenyewe, peke yake, kwanza. Anayesumbuka kukusanya majina ya wafu mara nyingi ana moyo wa kupokea jina moja zaidi, hasa akiambiwa kwa staha na si kwa kukosolewa kazi yake. Lakini simjui, wewe unamjua. Kama ni mtu wa kujionyesha, atakayeona kwamba shajara imemharibikia, basi utakuwa umempa neno ambalo hutaweza kulirudisha, na anaweza kuchapa vilevile alivyopanga. Kuwaambia wote kwa pamoja, kwa mfano siku ya harusi au kwenye kikundi cha simu cha ukoo, kuna unafuu wa kumaliza kwa mara moja, ila mimi nahofia kwamba habari iliyobebwa na bibi kwa miaka 70 ikiingia katika simu za watu 100 asubuhi, jioni itakuwa imeshabadilika sura.

Harusi sitaki kuipita juu juu. Binti yako ana hoja. Katika baadhi ya koo za Oman kufu bado ni neno zito, na zipo posa zilizovunjika kwa sababu ndogo kuliko hii. Kwa upande mwingine, nasaba ya kitukuu kwa mstari wa kiume inakwenda kwa mume wako na kwa bibi mkubwa, na haibadiliki kwa lolote utakalosema juu ya baba yako, kwa hiyo hofu huenda ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Huenda pia sivyo, kwa sababu watu wa kufu hawahesabu kwa kalamu peke yake. Kinachonigusa ni kwamba katika barua yote hakuna aliyemuuliza bibi harusi. Binti yako wa Dar es Salaam amemsemea, wewe umemhofia, na shajara inachapwa kwa ajili ya siku yake. Ni mtu mzima anayekwenda kuolewa. Yawezekana angependa kujua sasa, kuliko kuja kuambiwa na mawifi baada ya miaka mitano. Yawezekana pia angekuomba usubiri mpaka harusi ipite, na kusubiri miezi mitatu kwa ombi lake ni tofauti na kunyamaza milele kwa hofu ya wengine. Lakini kumwambia ni kumtwisha yeye siri hiyo mbele ya mchumba wake, na mzigo huo nao si mdogo.

Iko njia ya kuandika na kuweka. Wewe una herufi ulizojifunza chuoni, na maandishi ya mkono wako watoto wako wanayajua. Unaweza kuandika lote, ukalikabidhi kwa mtu mmoja unayemwamini, ukasema lifunguliwe lini. Wapo wengi waliochagua hivi na wakafa wametulia. Udhaifu wake ni kwamba karatasi haiulizwi swali. Watakapoifungua, mmoja atasema bibi alikuwa amechoka akili, mwingine atasema mwalimu wa jirani ndiye aliyeyatunga, na wewe hutakuwepo kuwaonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa ile alama. Zaidi ya hayo, jina lina sauti. Ulitamkishwa mara tatu kwa sababu mara ya kwanza na ya pili hukulipata sawasawa, na sijui kama herufi, za Kiarabu au za Kizungu, zinaweza kuifanya kazi ile.

Hapo ndipo ninapolitenga jina na mengine yote. Kulitoa hakukulazimishi kutoa ushahidi wala kueleza habari za jahazi. Bibi yako mwenyewe alikupa jina bila kisa, tena mkiwa kazini, na wewe ulilibeba miaka mingi kabla hujaelewa uzito wake. Yule mtoto wa miaka tisa aliyekuuliza kama ulipata kumwona mtu kama wale wa shimoni, sasa atakuwa na miaka kumi na moja hivi. Hukumjibu, na kwa umri wake pengine ulifanya vyema. Lakini yeye peke yake, kati ya watu 103, ndiye aliyekuuliza. Je, yuko mbali kiasi gani kwa simu? Je, wazazi wake wangeona vipi? Na je, yafaa kumpa mtoto kitu ambacho mama zake hawajapewa, au ni kumrithisha ile ile kazi ya kutunza iliyokuchosha wewe? Majibu ya maswali haya sinayo. Nayauliza kwa sababu naona umewataja wakubwa wote kwa hofu, na mtoto huyu ukamtaja kwa embe.

Mwisho, nina ombi dogo la kawaida kabisa. Mwalimu amenitumia nakala aliyoipiga chapa. Ile karatasi ya kwanza, uliyoiandika kwa mkono wako kwa herufi za Kiarabu, mwombe akurudishie na uiweke pamoja na vitu vyako, hata kama bado hujaamua lolote. Usiitie jina kama hutaki. Na ukipenda kuniandikia tena baada ya kuzungumza na mjukuu wako, au baada ya kutozungumza naye, nitaisubiri barua yako.

Shikamoo tena, Bibi.